Taarifa kwa wazazi kabla ya msimu wa korosho: tuandike nini ili ifanyiwe kazi?

Mjumbe wa Kamati (Mtwara Vijijini)

Wadau, habari za jioni. Kamati yetu ya shule ya msingi, huku njia ya Nanyamba, imepewa kazi ya kumsaidia mwalimu mkuu kuandaa taarifa kwa wazazi kabla Septemba haijaisha. Mambo ni matatu: tabia za wanafunzi, usalama wao na ustawi wao kwa jumla. Taarifa za miaka ya nyuma zipo kwenye faili na zote ni ndugu moja: "Wazazi mnakumbushwa kusimamia nidhamu ya watoto wenu." Muhuri, sahihi, basi. Oktoba ikiingia utoro unapanda vilevile.

Hali ya huku mnaijua. Msimu ukianza wazazi wengine wanahamia shambani, mtoto anabaki na bibi au anabaki na wadogo zake tu. Anaokota korosho, anauza kwa kangomba (mnunuzi wa magendo), anashika hela. Baada ya hapo ni mashine za kamari, lifti za bodaboda, uraka (pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho), na wengine hawalali nyumbani.

Naomba msaada wa mambo haya: kipi kiingie kwenye taarifa na kipi kiachwe, wazazi wasio na simu janja tuwafikieje, kuhusu viboko tuandike nini, maana nusu ya wazazi wanasema "mwalimu chapa tu" na wengine wanataja mahakama, na mtoto akifanyiwa ukatili mzazi aambiwe aanzie wapi. Bajeti yetu ni rimu moja ya karatasi. Msicheke.

Mwalimu wa Malezi (Newala)

Mjumbe, rimu moja inatosha kabisa. Ina karatasi 500, kata kila moja katikati upate vipande 1,000. Shule yenye kaya 300 inapata taarifa tatu na akiba inabaki. Na hizo tatu ndizo mnazozihitaji, kwa sababu kila hatari huku kwetu ina miezi yake. Taarifa ya Juni ishughulike na salfa (unga wa dawa ya mikorosho) na likizo ya jando na unyago. Ya Septemba ni ya korosho. Ya Januari ni ya mvua, njia na makorongo. Ukiyarundika yote kwenye karatasi moja, mzazi anasoma mstari wa kwanza na wa mwisho.

Taarifa zenu za zamani zimeshindwa kwa sababu hazimpi mzazi kazi yoyote. Hakuna mzazi anayeamini kwamba hasimamii nidhamu. Andika kitendo, saa, na mtu wa kumjibu. Badala ya "epuka utoro", andika: "Mtoto akiumwa, mwalimu wa darasa apate habari kabla ya saa 2 asubuhi, kwa simu au kwa mdomo wa mtoto wa jirani." Hilo mzazi anaweza kulifanya au kutolifanya, na wewe utajua.

Upande wa nyuma wa karatasi weka kipande cha kukata na kurudisha: jina la mtoto, darasa, analala kwa nani kuanzia Oktoba hadi Desemba, simu ya huyo mlezi, simu ya jirani, na kama ana pumu, kifafa au selimundu. Swali la analala kwa nani ndilo lenye thamani kuliko yote. Msiulize "mzazi yupo?", watajibu yupo. Toeni wiki moja ya kurudisha. Vipande ambavyo havikurudi navyo ni habari: hizo ndizo kaya za kutembelea kwanza.

Sasa utoro wenyewe. Watoto wengi huku hawakosi siku nzima, wanakosa nusu. Anaitikia jina asubuhi, anakunywa uji, anapotelea mikoroshoni. Kwa hiyo majina yaitwe mara mbili, mwanzoni mwa kipindi cha kwanza na baada ya mapumziko. Siku ya kwanza akikosekana bila taarifa, mwalimu wa darasa anauliza watoto wa kitongoji chake na kumpigia mlezi siku hiyohiyo. Siku ya pili ujumbe unapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya tatu mjumbe wa kamati anafika nyumbani. Wiki ikipita, mwalimu mkuu anamwandikia mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata. Taarifa iorodheshe hatua hizi ili mzazi asije akasema ameonewa.

Kwa nini haraka hivyo? Mtoto akiuza korosho siku ya kwanza na hakuna aliyeuliza, kesho anaondoka na rafiki yake. Utaratibu huu unaharibiwa na jambo moja tu: daftari la mahudhurio kujazwa Ijumaa kwa kukisia. Kamati inayo haki ya kuomba kuliona daftari Jumatano saa 4, bila hodi ndefu.

Kangomba mtajeni kwa jina. Anayemnunulia mtoto korosho kwa bakuli, bila mzani, ananunua nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani (korosho hupelekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada), na kijiji kinawajua watu hao. Ninyi na uongozi wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) mna hamu sawa ya kumzuia, kwa hiyo mwombeni katibu wao asimame dakika tano kwenye mkutano wa wazazi. Maneno yake yatasikilizwa kuliko ya mwalimu, kwa sababu yeye ndiye anayeshughulika na malipo yao.

Uraka nao. Mabibo yaliyokamuliwa asubuhi ni juisi tamu ya kawaida, ikilala kidogo kwenye joto hili inachacha. Chupa ile ile aliyoaga nayo nyumbani inaweza kuwa imeanza kuchacha kufikia mchana. Andikeni kwamba chupa ya shule ni ya maji tu na mwalimu wa zamu atanusa. Watalalamika siku mbili.

Kwa wasio na simu janja, ujumbe mfupi wa kawaida unabeba herufi 160 pamoja na nafasi. Huu unaingia:

"Mzazi: Okt-Des mtoto asiende kuokota korosho saa za shule. Akikosa siku 1 bila taarifa tutakupigia. Mgonjwa? Tuma ujumbe kabla ya saa 2. Mwl wa darasa."

Ukizidisha herufi unalipia ujumbe wa pili. Zaidi ya hapo, mwombeni imamu atangaze baada ya swala ya Ijumaa, na mwalimu wa madrasa asome taarifa hiyo kwa watoto. Bibi asiyesoma karatasi anamsikia mjukuu.

Karani wa Baraza (Lindi Mjini)

Kwenye viboko naomba niseme mimi, kwa sababu pande zote mbili huwa zinakosea.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, hazijakataza kiboko, zimekibana. Ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito, si kwa kila jambo. Fimbo zisizidi nne. Ni kwenye kiganja au kwenye makalio, nguo zikiwa mwilini. Mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Umri na afya ya mtoto viangaliwe kwanza. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu.

Kwa hiyo mwalimu wa zamu anayesimama getini na fimbo akiwachapa waliochelewa, mmoja baada ya mwingine, hayumo ndani ya kanuni hata kama kila mzazi wa kijiji amemwambia achape. Mzazi hana mamlaka ya kumwongezea mwalimu fimbo ya tano. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, kwa hiyo kupigisha magoti juani nako kunaweza kuwafikisha pabaya.

Kwenye taarifa andikeni mistari miwili: shule itafuata kanuni hizo, na mzazi mwenye malalamiko anaruhusiwa kuona daftari la adhabu kwa habari za mtoto wake mwenyewe. Kama daftari halipo, linunueni kabla ya kutoa taarifa. Majina ya watoto wakosaji yasibandikwe ukutani wala kutajwa kwenye kundi la WhatsApp.

Adhabu moja iondoeni kabisa msimu huu: "rudi nyumbani ukamlete mzazi." Mzazi yuko shambani, na mtoto njiani anapita chini ya mikorosho. Hiyo ni ruhusa ya kwenda kuokota, yenye baraka za shule.

Muuguzi (Lindi)

Naanza na lile la ukatili, kwa sababu hapo kuchelewa kunaua ushahidi na pengine mtoto.

Mtoto akibakwa au kulawitiwa, asioge na asibadilishwe nguo. Kama zimeshabadilishwa, zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha ya khaki au mfuko wa karatasi. Plastiki inashika unyevu na kuharibu ushahidi. Afike kituo cha afya au hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, kwa sababu dawa za kinga ya VVU hazianzishwi baada ya muda huo. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120, lakini kila siku inayopita inapunguza nguvu yake. Msikae kusubiri PF3 (fomu ya polisi) ndipo mwende. Matibabu yaanze, polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto wafuate siku hiyohiyo. Kwa wa mjini, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi ndizo hospitali za rufaa za mkoa, lakini msiruke kituo cha karibu kwa kuifuata hospitali kubwa.

Mwalimu aliyeambiwa na mtoto aulize mara moja tu: nini kimetokea, lini, nani, unaumwa wapi. Ayaandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka, aweke saa na tarehe, asahihishe kitu. Samahani, nimekosea kuandika: ASISAHIHISHE kitu. Mtoto akihojiwa na mwalimu wa darasa, kisha wa malezi, kisha mkuu, kisha kamati, maelezo yanapishana na mtuhumiwa anapata pa kutokea. Kikao cha kuwakalisha mtoto na mtuhumiwa "mmalizane" kisiwepo kabisa, hata kama mtuhumiwa ni mjomba na ukoo umekuja na mbuzi.

Namba 116 ni ya msaada kwa mtoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Iandikwe kwa wino mzito kwenye kila taarifa, na ndani ya mlango wa choo cha wasichana na cha wavulana, mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

Sasa mambo ya msimu. Salfa hupulizwa kuanzia Juni wakati mikorosho inachanua, na wakulima wanapenda alfajiri kwa sababu upepo umetulia na umande unashika unga. Hiyo ndiyo saa ya watoto kwenda shule. Unga huo unawasha macho na koo, na mwenye pumu anaweza kubanwa njiani. Taarifa ya Juni iwaombe wenye mashamba ya kando ya njia za shule wamwambie mwenyekiti wa kitongoji siku moja kabla, ili watoto wapite njia nyingine. Macho yakiingia salfa yaoshwe kwa maji safi mengi, kwa dakika 15, bila kusugua. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, isifungiwe kabatini kwa mwalimu mkuu.

Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi. Mtoto mwenye madoa meusi vidoleni na ngozi inayobambuka amekuwa akibangua au kuchoma korosho, muulizeni kwa upole. Aoshwe kwa sabuni na maji mengi. Maji matupu hayatoi mafuta. Asijiguse macho.

Jando: kidonda kinahitaji wiki nne hadi sita kupona. Kwa hiyo kwenye taarifa ya Juni andikeni tarehe ya kufunga na ya kufungua shule, na nakala wapewe manyakanga na makungwi wanaosimamia jando na unyago. Wakianza wiki ya kwanza ya likizo mtoto anarudi kwa wakati. Wakianza wiki ya tatu anarudi na bandeji au harudi. Wembe mmoja kwa mtoto mmoja, bila mjadala.

Mwenyekiti wa Kijiwe (Mingoyo)

Mjumbe, nakuomba usiandike "watoto wasipande bodaboda". Mzazi aliyeko shambani na mtoto anayetembea kilomita nyingi, atampandisha tu, ila sasa atamficha. Andika masharti.

Mzazi amchague dereva mmoja, ajue jina lake, namba ya pikipiki na namba ya kizibao. Hela amlipe mzazi mwenyewe kwa wiki, si mtoto kwa kila safari. Mtoto asiwe na sababu ya kujadili nauli na dereva. Dereva anayembeba msichana wa shule bure mara kwa mara si mkarimu, na kijiwe kinatakiwa kuambiwa. Mwalimu wa zamu awe na orodha ya madereva waliotajwa na wazazi. Mwingine akija kumchukua mtoto, simu ipigwe kwanza.

Mishikaki marufuku, abiria ni mmoja. Mtoto asikae mbele kwenye tangi. Kama miguu yake haifiki kwenye vikanyagio, bado hajafikia kupanda. Kofia ifungwe mpaka kidole kimoja tu kipite chini ya mkanda wa kidevu. Ya mtu mzima ikizunguka kichwani kwa mtoto haisaidii kitu. Apandie na kushukia kushoto, kwa sababu mbili: ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia na inaunguza shavu la mguu, na kushoto ndiko kwenye ukingo wa barabara. Ashushwe upande wa geti la shule, asiachwe avuke mwenyewe.

Na wanaotembea kwa miguu: mkono wa kulia wa barabara, wakitazamana na magari yanayokuja. Msimu huu malori ya korosho ni mengi, na kudandia nyuma ya lori linalopanda kilima ni mchezo wa wavulana kila mwaka. Hilo nalo liandikeni.

Mjumbe wa Kamati (Mtwara Vijijini)

Asanteni sana, mwalimu, dada muuguzi na wakuu wote. Nimeshaanza kuandika. Viboko na 116 vinaingia kama mlivyosema. Nimebaki na mawili. Sanduku la maoni tulilonalo halijawahi kupata karatasi hata moja, tuliache? Na kuna mjumbe anataka taarifa hiihii itaje mchango wa chakula, kwa kuwa wazazi watakuwa na hela. Sina hakika kama ni mahali pake.

Mwalimu wa Malezi (Newala)

Sanduku halipati karatasi kwa sababu lipo nje ya ofisi ya mwalimu mkuu na ufunguo anao yeye. Lihamishieni karibu na bomba la maji au chini ya mwembe, lifungwe kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu wa malezi na mwingine kwa mjumbe wa kamati ambaye si mwalimu. Lifunguliwe kila Ijumaa, wawili wakiwepo. Madarasa ya chini wasioandika vizuri waruhusiwe kuchora. Paredi ya Jumatatu mwalimu aseme jambo moja lililoshughulikiwa, bila kumtaja mtoto: "Mmesema wakubwa wanawanyang'anya uji, kuanzia leo darasa la kwanza na la pili watapanga mstari wao." Wakiona hilo, karatasi zitakuja. Wiki za kwanza zitakuwa za matusi na majina ya wachumba. Vumilieni.

Chakula mahali pake ni hapo hapo. Mtoto mwenye njaa ndiye anayetoroka saa 4. Ila msiandike "changieni chakula", andikeni hesabu. Uji wa kikombe kimoja unahitaji unga gramu 50 hivi kwa mtoto. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo ni kilo 9.7, tuseme debe moja la mahindi linatosha na kubaki, na kinachobaki kinakwenda kwenye ada ya mashine na pumba. Mzazi akiona kwamba mwaka mzima ni debe moja, mabishano yanapungua sana. Mchango wowote ukubaliwe kwanza kwenye mkutano wa wazazi na muhtasari uandikwe, na mtoto wa asiyechangia asinyimwe uji wala kurudishwa nyumbani. Mnadaiana na mzazi.

Kusanyeni Novemba na Desemba malipo yakishaingia, si Machi ambapo kila nyumba imeishiwa. Pokeeni mahindi makavu tu: tikiseni punje kwenye chupa kavu ya kioo yenye chumvi kidogo, chumvi ikiganda kwenye kioo, bado ni mabichi, yarudi juani, la sivyo mtahifadhi sumukuvu (sumu ya ukungu). Mifuko ya kinga njaa (isiyopitisha hewa) ifungwe tabaka moja moja, ikae juu ya chaga mbali na ukuta, na stoo nayo iwe na kufuli mbili.